Mtani Aliyeniomba Radhi

Nyumbani kwetu Magomeni, pale Mtwara, palikuwa na kijana mmoja wa Kingoni aliyeingia uani bila kupiga hodi. Alifunua chungu, akajipakulia, akala amesimama, kisha akamwambia mama yangu kwamba Wamakonde hawajui kupika na kwamba alikula kwa kutuonea huruma tu. Mama alimfukuza kwa mwiko. Siku ya pili alipokosa kutokea, mama huyo huyo aliuliza, "Yule mshenzi wa Songea yuko wapi leo? Asije akawa anaumwa."

Wangoni ni watani wetu. Wazee walisema kwamba zamani walitujia na mikuki, sisi tukapanda juu kujificha kwenye vichaka vya Newala, na vita vilipokwisha yakabaki maneno. Mngoni akimwita Mmakonde mtumwa wake, Mmakonde humwambia kwamba yeye ni mkimbizi aliyepotea njia. Wote hucheka. Sheria ni moja tu, nayo kila mtoto wa kwetu aliijua kabla ya kujua kusoma: mtani hakasirikiwi. Ukikasirika, wewe ndiye mwenye kosa.

Baba yake yule kijana alikuwa karani wa serikali aliyehamishiwa Mtwara, wakikaa mtaa wa Rahaleo. Baba yangu alikuwa kuli bandarini, akipakia magunia ya korosho. Mimi na yule kijana tulisoma sekondari pamoja, na mwishoni mwa miaka ya sitini zilipotangazwa nafasi za kwenda kusomea ufundi wa mitambo katika nchi moja ya Ulaya ya Mashariki, tuliomba wote na tukapata wote. Baba alipopata habari alikwenda bandarini siku yake ya mapumziko kuwaambia wenzake kwamba mwanawe anakwenda kujifunza kutengeneza winchi, na kwamba akirudi hakuna mtu atakayebeba tena gunia mgongoni.

Siku ya kuondoka alikuja kiwanja cha ndege na mguu mmoja umefungwa kitambaa, gunia lilikuwa limemwangukia. Mtani wangu hakumwamkia shikamoo. Alimtazama mguu, akatikisa kichwa.

"Mzee, wenzio wamekuvunja ili wakuuze kwa bei rahisi?"

"Kamuulize babu yako," baba akamjibu. "Yeye ndiye aliyeacha mguu kwetu akikimbia."

"Basi huyu mwanao namchukua fidia. Atanibebea sanduku huko Ulaya."

"Mchukue. Lakini anakula sana. Ukishindwa kumlisha, mrudishe."

Baba alicheka mpaka akashika ukuta. Ndivyo tulivyoagana, na sikumbuki kama aliniambia neno lolote la maana mbali na hayo.

Huko tulikokwenda, mwaka wa kwanza wote ulikuwa wa lugha. Tulikaa bweni la orofa nne pamoja na vijana wa mataifa mengine, watatu chumba kimoja. Madirisha yalikuwa na vioo viwili viwili, na katikati ya vioo palikuwa na pamba iliyofungiwa humo kuzuia upepo. Chakula kilikuwa viazi, kabichi chachu na mkate mweusi. Baridi ilipoingia, nilijua kwa mara ya kwanza kwamba mtu anaweza kuumwa masikio bila kuumwa kitu kingine. Sikuwa na huzuni ya kuzidi, na naamini ni kwa sababu ya mtani wangu. Kila asubuhi alinivuta blanketi.

"Amka, mtumwa. Katazame kama jua lao limefika."

"Nenda wewe. Kukimbia ndiyo kazi mliyorithi."

Mwenzetu wa tatu chumbani, kijana mpole wa Asia, mwanzoni alijifunika uso akidhani tunagombana. Siku moja aliniletea kipande cha sukari kunipoza. Tulicheka, wala hatukumweleza. Hilo nalijutia. Tungejizoeza kumweleza yeye, huenda tungekuwa na maneno siku tulipoyahitaji.

Mwaka wa pili masomo yenyewe yakaanza. Nilipenda sana darasa la michoro. Mwalimu alitandika karatasi kubwa yenye mistari ya kreni, na mimi niliyekulia karibu na bandari nikaona ghafla kwa nini ile nguzo ndefu haianguki inapoinua mzigo. Nilikuwa sijawahi kuelewa kitu namna ile. Nilianza kuiona bandari yetu kichwani na kuipanga upya.

Kisha likapotea koti. Lilikuwa koti zito la manyoya la mwanafunzi mmoja wa orofa ya chini, na wakati wa baridi ile koti halikuwa jambo dogo. Msimamizi wa bweni, mwanamke wa makamo asiyependa kelele, alipita chumba kwa chumba akiuliza. Alipofika kwetu tulikuwa tunakunywa chai. Aliuliza kama tumeona koti.

Mtani wangu alikuwa ameijua lugha yao kunishinda, na alipenda kuitumia. Akaninyooshea kidole.

"Mwizi ni huyu," akasema. "Kwao wote ni wezi. Babu yangu alimfunga babu yake kamba kwa sababu hiyo hiyo. Mfunge!"

Mimi nikafanya kile ambacho mtoto yeyote wa kwetu angefanya. Mtani akikusingizia hukani, ukikana umeshindwa. Nikaweka kikombe chini nikasema, "Ni kweli, nimeiba. Nimempelekea shangazi yake, maana kwao hawana nguo."

Tukacheka wawili. Yule mama hakucheka. Alituangalia kwa zamu, akafunga mlango taratibu, akaenda.

Tuliitwa mbele ya kikao cha chuo. Walikuwa watu watano na mkalimani ambaye Kiswahili chake alijifunza vitabuni. Mtani wangu alieleza kwa kirefu. Alieleza Wangoni, akaeleza Wamakonde, akaeleza kwamba kwetu mtu anaweza hata kuzuia jeneza la mtani wake lisitoke mlangoni, na wafiwa wakashukuru. Mkalimani alitafsiri, na kila alipotafsiri nyuso zilizidi kukunjamana. Mwenyekiti aliuliza swali ambalo sijalisahau: kama yale yalikuwa mzaha, mbona mshtakiwa mwenyewe alikubali? Nikamwambia nilikubali kwa sababu ulikuwa mzaha. Akasema sijajibu swali.

Walimwona mwenzangu kuwa mtu mwema aliyesema kweli kwanza, kisha akamwonea huruma ndugu yake. Kadiri alivyonitetea ndivyo walivyozidi kumsifu yeye na kunihukumu mimi. Koti halikuonekana. Nikarudishwa nyumbani kabla theluji haijayeyuka.

Usiku wa mwisho hakunitania. Alinifungia sanduku na kulibeba mwenyewe mpaka chini. Nilimwambia, "Ona, sasa nani mtumwa?" Akanikabidhi ufunguo wa sanduku. Nilidhani ni uchungu wa kuagana tu.

Baba, nilipomsimulia, alianza kwa kucheka. Alicheka hadi machozi, akipiga paja. "Mpaka mbele ya mahakimu mkaendelea!" Kisha akauliza, "Kwa hiyo winchi hukujifunza?" Nikasema sikujifunza. Akasema, "Basi. Neno la mtani halina kesi." Hakulitaja tena, lakini bandarini aliacha kusimulia habari zangu, na kuliona hilo kuliniumiza kuliko kama angenipiga.

Nilijaribu kuomba nafasi nyingine, sikupata. Taarifa ya chuo ilikuwa imenitangulia. Nikafanya ukarani wa kupima korosho vijijini, nikaacha. Nikaenda Lindi, nikarudi. Nikakaa kijiji cha Ziwani kwa mjomba nikalima mihogo msimu mmoja, wakati ule watu wakivuka Ruvuma usiku kukimbia vita vya Wareno, na mimi niliyefika Ulaya nikaona haya kujihesabu miongoni mwa wenye mkosi. Sikuweza kutulia mahali. Lakini sikuwa na kinyongo, na hili naomba lieleweke. Baba alikuwa amenipa mahali pa kuliweka jambo lile: lilikuwa utani. Utani hauna mkosaji. Nilinyang'anywa masomo na bahati mbaya, kama mtu aliyeangukiwa na gunia. Nilichohitaji ni mtani wangu arudi, aingie uani bila hodi, anitukane kama zamani, ili nijue kwamba mambo yako pale pale.

Alirudi baada ya miaka, fundi mkuu kijana, akapangiwa bandari ya Mtwara. Niliposikia nilimwambia mama aongeze unga. Hakuja. Wiki zikapita, mwezi ukapita. Alinitumia salamu kwa watu, salamu za adabu: mwambieni nampa pole na kazi. Kuna mtu aliyekuwa naye huko alinieleza kwamba koti lilikuja kupatikana. Mwenye koti alikuwa amelipeleka kwa fundi wa nguo kubadilisha bitana, akasahau. Kule hakuna aliyeona haja ya kuniandikia.

Hatukuonana mpaka baba alipofariki.

Watu walijaa uani. Maiti ilikuwa imekwisha oshwa na kukafiniwa, jeneza la msikiti limeletwa, na kila mtu alijua nini kinafuata, maana watani wa marehemu walikuwa wameketi upande wao wakingoja wa kuanza. Ndipo akaingia. Alikuwa amevaa shati jeupe na amebeba kofia mkononi. Shangazi, dada wa baba, alimwona akajipangusa macho.

"Haya, huyo Mngoni wake kaja," akasema kwa sauti. "Kaka yangu hatatoka bure leo. Zuia mlango, we mla vya watu!"

Wanawake wakaanza kutabasamu ndani ya kilio. Nami, Mungu anisamehe, nilisikia furaha. Nilimngoja achechemee kama baba alivyochechemea baada ya kuumia ule mguu. Nilimngoja alale mlangoni adai fidia yake. Nilikuwa hata na jibu tayari.

Alipita katikati ya watu wote akanijia mimi. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akainamisha kichwa.

"Ndugu yangu," akasema, "nimekukosea. Nilikuharibia maisha. Mzee amekufa bila mimi kumwomba radhi. Naomba unisamehe."

Wanawake wakaacha kutabasamu. Shangazi aliuliza, "Anasema nini huyu? Nani kamwambia aombe radhi?" Mzee mmoja wa Kingoni akageuka kando akatema mate.

Ningeweza kumwokoa. Ningesema neno moja la tusi, lolote, na watu wangepasuka kwa kicheko, na yeye angelijibu kwa sababu ulimi wake ulizaliwa na utani. Lakini alikuwa akilia kweli, na mimi nilikuwa nimefiwa, na miaka yangu yote ya kutangatanga ikanirudia kwa mara moja. Nikamwambia, "Nimekusamehe."

Hapo ndipo nilipotambua kilichotokea. Kusamehe ni kukubali kwamba kulikuwa na kosa. Kwa miaka yote ile hakuna mtu aliyekuwa amenidhulumu. Sasa alikuwepo, amesimama mbele yangu na kofia mkononi, nami nilikuwa nimemthibitisha. Baba alitolewa mlangoni bila mtu kumzuia. Watani wengine walijaribu kidogo njiani, lakini walikuwa kama watu wanaoimba baada ya ngoma kuvunjika.

Baada ya arobaini tulikutana barabarani mara mbili au tatu. Aliniita ndugu. Nilimwita bwana fundi. Tuliulizana afya za watoto. Alinipisha kwenye kivuli, nikamshukuru. Kabla ya masika nikaondoka Mtwara, nikisema nakwenda kutafuta kazi.

Basi lilinipeleka Masasi, Tunduru, hatimaye Songea, kwao. Asubuhi nilikaa kwa mama mmoja muuza uji karibu na kituo. Akanisikia ninavyosema, akauliza mimi kabila gani. Nikamwambia.

"Mmakonde!" akapiga kelele ya furaha, akaninyang'anya kikombe mdomoni. "Mtumwa anakunywa kabla ya bibi yake? Nani kakufungua kamba?"

Wateja wote wakageuka, wakingoja jibu langu.

"Samahani, mama," nikasema. "Sikujua."

Akanitazama. Furaha ikamtoka usoni polepole. Akakirudisha kikombe mkononi mwangu, akakijaza, akauliza kwa upole kama njiani nimeugua.