Kitabu cha Bwambale wa Gitaa

Siku yangu ya kwanza kazini katika maktaba ya Kasese sikupewa kiti. Msimamizi wetu alikuwa mwanajeshi mstaafu, mgongo wake umenyooka kama fito, na kila mtu alimwita Afande, hata watoto wa shule. Nilifika na viatu vipya nikitarajia kuonyeshwa meza. Akanionyesha maboksi yaliyorundikwa mpaka dirishani.

"Fungua. Panga. Soma."

"Nisome vyote, Afande?"

"Kitabu hujasoma, hapana peana kwa mutu. Wewe unaweza kupea mutu chakula hujaonja?"

Nikavua viatu, nikakaa chini kwenye saruji, nikafungua boksi la kwanza. Saruji haikunitisha, kwa maana baba yangu alitoka Kenya kuja kufanya kazi kwenye kiwanda cha saruji, na ndiyo iliyonilea.

Vitabu vile vilikuwa msaada kutoka ng'ambo. Tulitegemea vitabu vya hesabu na vya kilimo. Kumbe boksi baada ya boksi ni tawasifu, yaani mtu kuandika maisha yake mwenyewe, na wenye maisha hayo karibu wote walikuwa wanamuziki wa roki. Wazungu wenye nywele ndefu, wamebeba magitaa, wamekunja uso kana kwamba wana deni na mpiga picha. Nadhani huko kwao mzee fulani alifariki, watoto wakamwaga rafu yake yote ndani ya maboksi wakapeleka Afrika. Mwenzangu wa zamu alicheka mpaka akakohoa. "Haya, Madamu, sasa wakulima wa Mubuku watalima mpunga kwa gitaa!"

Nilivisoma. Sikuwa na hila nyingine, maana Afande alikuwa akiuliza. Alisimama mbele yako asubuhi, mikono nyuma, akasema: "Huyu wa jalada nyekundu, mama yake alikuwa nani?" Usipojua, unarudi sakafuni.

Nawaambia ninyi vijana mnaosomea ukutubi siku hizi kwa kompyuta: kazi yetu ilikuwa kazi ya mdomo. Tulikuwa na kadi za kuazimia na muhuri wa tarehe, na kila kitabu kilibandikwa namba mgongoni ili kirudi mahali pake kwenye rafu. Hayo mtu anajifunza kwa wiki. Kilichochukua miaka ni kile Afande alichokiita kuonjesha. Msomaji akija hajui anataka nini, unafungua kitabu katikati, unamsomea ukurasa mmoja kwa Kiswahili papo hapo, ingawa kimeandikwa kwa Kiingereza. Akiondoka huku anakuuliza "halafu ikawaje?", umempata. Akiangalia saa, funga, tafuta kingine.

Na nilikuja kuwajua wale watu wa roki kama majirani. Vitabu vyao vinafanana. Utoto wa shida, mjomba analeta gitaa, sifa, ndege za kukodi, chupa, wake, kesi, na mwishoni toba. Sura za ndege niliwaambia wasomaji waziruke, hazina chakula. Kitabu kilichoandikwa na mwandishi wa kukodiwa unakitambua mapema, kwa sababu mwenye maisha hajikwai popote, kila neno limepigwa pasi. Kile alichoandika mwenyewe kina aibu ndani yake. Hicho ndicho cha kumpa mtu.

Wakulima wawili wa Mubuku waligombana juu ya zamu ya maji ya mfereji, wakawa hawasalimiani. Mmoja alikuja kutafuta kitabu cha sheria. Nikamwonjesha habari za bendi moja ya watu wanne waliozunguka dunia katika basi moja bila kusemeshana, kila mmoja na mlango wake wa kupandia. Akacheka mpaka akaegemea rafu. "Basi moja, milango mbalimbali? Hawa ni sisi kabisa!" Alikichukua, na baadaye yule adui yake alikuja kukiuliza kwa jina la jalada. Sikuwapatanisha mimi, msinisingizie. Lakini kitabu cha sheria hakuna aliyekiuliza tena.

Baada ya Afande kustaafu nilihamishiwa tawi letu la Bwera, nikaenda na baadhi ya vile vitabu vya roki. Pale wasomaji wengi walikuwa wafanyabiashara wa mpakani, na Kiswahili kilikuwa cha upande wa pili, wa Congo, cha kusema mutu na mutoto, beko na iko. Mwenyekiti wa kamati ya tawi alikuwa Mchungaji Bwambale, mtu msafi, mkali, aliyepiga gitaa lake kanisani kila Jumapili. Siku aliyoona rafu yangu alishika kiuno.

"Madamu, hawa watu waliimbia shetani. Waondoe."

"Wengi walitubu, Mchungaji. Sura za mwisho."

"Basi ukate sura za mwisho, uzigawe."

Hatukukata. Tulikubaliana vikae chini ya meza yangu, migongo imegeuziwa ukutani. Jamani, sijawahi kuona vitabu vikiulizwa namna ile! Kificho ni tangazo bora kuliko ubao.

Aliyeviuliza kuliko wote alikuwa Bwambale mwingine. Kwa Wakonzo mtoto hupata jina kwa zamu ya kuzaliwa, na mvulana wa pili ni Bwambale. Kwa hiyo kila nyumba ina wake, na inabidi kuongeza neno. Kuna Bwambale wa mchele, Bwambale wa boda. Huyu alikuwa Bwambale wa gitaa, mpigaji wa bendi iliyotumbuiza harusini kuanzia Bwera mpaka Kitswamba. Alikuwa msomaji wangu bora. Alirudisha kitabu akiwa na hasira au furaha, kamwe si kimyakimya. "Madamu, huyu mutu ni muongo. Gitaa ya nyuzi ile hapana toa sauti anasema." Nilimpenda kama mdogo wangu wa tumbo moja.

Kisha nikarudishwa Kasese, mara hii mimi ndiye msimamizi, na habari zake nikazisikia kwa mbali. Bendi ilivunjika, wenzake wakaenda Kampala na Congo. Yeye akabaki na chupa ya waragi.

Mkewe, Biira, alikuwa akileta maharage sokoni Kasese. Asubuhi moja alikuja maktaba, akasimama mlangoni na kanga ya mabegani ameishika kwa mikono miwili.

"Madamu, iko kitabu ya mutu alishaacha pombe? Si mutu wa kanisa. Mutu kama yeye."

"Kipo."

"Basi umutumie wewe. Akijua ni mimi, atatupa. Wewe anakuheshimu." Akafuta macho kwa pembe ya kanga. "Watoto wanaogopa sauti ya mlango. Mi nimefika mwisho."

Kitabu nilichokuwa nacho kilikuwa kimoja tu cha aina yake. Mpiga gitaa aliyekiandika alikunywa miaka mingi, na hakujisamehe hata ukurasa mmoja. Sura ya nane anaeleza alivyoficha chupa ndani ya sanduku la gitaa. Sura ya tisa mkewe anafungasha watoto alfajiri, na yeye anawatazama dirishani. Kuanzia ya kumi anaanza kuacha, pole pole, akianguka na kuinuka. Nilijua ndicho.

Simu yake Bwambale alikuwa ameshaiuza. Nikafunga kitabu kwa gazeti, nikaandika juu yake: Bwambale wa gitaa, Bwera. Nikampa dereva wa teksi. Dereva alipofika akampa kijana wa boda, na wa boda akauliza stejini, pale boda zinaposubiri abiria, "Bwambale wa gitaa ni nani?" Watu wakamwelekeza kwa Mchungaji.

Hawakukosea. Msomaji wangu hakuwa ameshika gitaa miaka mingi, na Bwera nzima walikuwa wakimwita Bwambale wa waragi. Mimi peke yangu nilikuwa bado nina jina lake la zamani.

Sikujua hayo mpaka Mchungaji alipokuja Kasese mwenyewe. Aliingia, akavua kofia, akakaa kwenye kiti cha wasomaji. Akatoa kitabu ndani ya koti akakiweka magotini. Nikadhani amekuja kunishitaki.

"Madamu, nani alikuambia?"

"Kuniambia nini, Mchungaji?"

"Habari ya chupa." Sauti ilikuwa ndogo, sikuizoea. "Mke wangu hajui. Kanisa halijui. Mungu na mimi tu, na sasa wewe. Sanduku la gitaa, Madamu. Hata sanduku la gitaa umelijua!"

Nilielewa yote kwa pamoja: gazeti, boda, steji. Mdomo ulifunguka niseme, samahani Mchungaji, si chako. Nikamkumbuka Afande. Kulikuwa na kijana aliyekuja kuazima kitabu kuhusu kifafa, nami nikamuuliza ni nani mgonjwa. Afande alinivuta pembeni: "Hapana uliza mutu kwa nini anasoma. Peana, nyamaza." Na huyu aliyekuwa mbele yangu alikuwa bado amekishikilia kitabu magotini.

"Umefika sura gani?" nikamuuliza.

"Ya nane."

"Basi endelea. Ya tisa ni ngumu."

Akakirudisha ndani ya koti, akaondoka.

Wiki iliyofuata Biira alikuja. "Kitabu haikufika, Madamu." Nikamwambia kilipotelea njiani kwa mtu mwingine, na huyo mtu anakihitaji vilevile. Hakuuliza ni nani. Nilimpa kingine, cha pili kwa ubora, na mumewe hakukifungua, alikiweka chini ya mguu wa kitanda uliovunjika. Mchungaji alikuja kuongeza muda, akaongeza tena, na kila alipokuja uso wake ulikuwa umetakata zaidi kidogo kuliko mara iliyopita. Alimwambia mkewe. Baadaye aliliambia kanisa, akasimamishwa kuhubiri kwa muda, kisha wakamrudisha. Mimi nilifurahi na kuumia kwa wakati mmoja, na anayesema hilo haliwezekani hajafanya kazi ya kugawa kitu kimoja.

Kitabu kiliporudi nilikipeleka Bwera kwa mkono wangu. Bwambale alikuwa amekonda, macho ya njano. Alikisoma, hilo najua, kwa sababu aliniambia nyuzi za gitaa lile ni za aina gani. "Huyu si muongo, Madamu," alisema. "Lakini yeye alisoma njia yake mapema. Mi nimechelewa teksi." Ini lilimmaliza kabla ya mavuno ya maharage.

Kwetu mlevi akifa, mara nyingi hugeuzwa somo. Nimesikia mahubiri ya maziko yanayomchapa maiti mbele ya watoto wake. Nilikwenda nimejiandaa kwa hasira. Mchungaji Bwambale alisimama kando ya kaburi na gitaa lake, akapiga wimbo mmoja wa ile bendi ya harusi, bila maneno. Halafu akasema, "Huyu alikuwa Bwambale wa gitaa. Mimi nilibeba jina lake kwa muda tu." Nikajua kwamba ameshagundua.

Biira ndiye aliyekuwa amemwambia habari ya kitabu alichomwombea mumewe kikapotea njiani, siku za ugonjwa, Mchungaji alipokwenda kumwombea mgonjwa. Mchungaji alimwomba radhi, ingawa hakuwa na kosa lolote, na tangu hapo watoto wale wamesoma chini ya uangalizi wake. Wote wawili wameniruhusu kuandika haya.

Nilistaafu mwaka huu. Walinifanyia chakula maktaba, mchele na samaki wa Kasenyi, na hotuba zilizozidi samaki. Mchungaji alisema mbele ya wote, "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi niliumbuliwa na kitabu, nikapona." Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa namtazama Biira, aliyekaa nyuma karibu na mlango. Yeye pia alipiga makofi.

Baada ya watu kutawanyika alinifuata. "Kitabu yangu ilifanya kazi, Madamu," akasema. "Ni nyumba tu ilikosea." Nikamshika mkono, tukalia wote wawili kati ya sahani chafu.

"Wasingya," akanishukuru alipomaliza kujifuta. "Sasa nipe. Nataka kujua ndani iko nini."

Biira hasomi Kiingereza. Kwa hiyo mnaoniuliza ninafanya nini siku hizi, jibu ni hili: Jumamosi akimaliza soko, anakuja kwangu na maharage yaliyobaki, tunayachambua pamoja, nami namsomea kwa Kiswahili. Sura za ndege hataki niziruke, anasema amelipia tikiti. Anauliza maswali ambayo hata Afande hakuniuliza. Kwenye sanduku la gitaa aliacha kuchambua, akakaa tu, mikono ndani ya ungo.

Jumamosi iliyopita tulimaliza ya nane. Nikafunga kitabu, nikamwambia tupumzike, nikamweleza kwamba ya tisa ni ngumu.

"Soma tu, Madamu," akasema. "Hiyo mi nilishaishi ndani."