Skuta ya Kurithi

Sijapata kuona chombo cha moto chenye sura ya kijinga kama ile skuta. Rangi yake ilikuwa kijani cha dawa ya meno, magurudumu madogo kama ya toroli, na mbele, chini ya taa, palibandikwa ua la alizeti lenye macho mawili linalocheka. Aliyeniuzia alikuwa na kicheko hichohicho. Alikuwa kijana wa Kizungu wa mradi wa maji, mwenye Kiswahili cha "hakuna shida", aliyekaa Sumbawanga muda wa kutosha kuamini kwamba mji mzima unampenda. Mimi sikumpenda. Mtu anayemchekea kila anayepita namshuku, kwa sababu kicheko cha namna hiyo hakimgharimu kitu.

Mimi ni mtu wa Mombasa. Nilikwenda Sumbawanga kufundisha uhasibu katika chuo kimoja cha binafsi, kwa mkataba, kwa hiyo nilikuwa mgeni kama yeye, na watu hawakuchoka kunikumbusha. "Mwalimu, Kiswahili chako kizuri sana kwa Mkenya," waliniambia maofisini, tena kwa upole, kama wanaompongeza mtoto kwa kujifunga viatu. Marehemu bibi yangu angewasikia angefunga dirisha.

Nilipanga chumba Mazwi, na chuo kiko upande wa Milanzi. Kila asubuhi nilipanda bodaboda nyuma ya kijana aliyevaa jaketi kinyume, zipu mgongoni, ili upepo usimpate kifuani. Yeye kifua chake kilikuwa salama. Baridi yote iliyompita niliipokea mimi. Na baridi ya Ufipa mwezi wa Juni haina adabu, inaingia popote bila hodi. Nikasema, heri niwe na chombo changu, nisimsubiri mtu, nisimshukuru mtu, wala mtu asinishukuru. Hilo tu ndilo nililolitaka.

"Nakupa kwa bei ya kirafiki," alisema yule kijana. Hatukuwa marafiki. Alinionyesha breki, akanionyesha pa kutilia mafuta, akakipapasa kiti kama anayemuaga punda. "Skuta nzuri," akasema, "imezoea watu." Nilidhani ni Kiswahili chake kimemponyoka. Kesho yake akapanda basi la Mbeya na kwenda zake kwao.

Siku ya kwanza nilipita kijiwe cha bodaboda, skuta ikilia kama mashine ya kinyozi. Vijana wote wakasimama. "Shikamoo mzee!" akaita mmoja. "Hiyo inakunywa petroli au maziwa?"

"Marahaba," nikajibu, nikaongeza mwendo. Ukishabishana na kijiwe umekwisha.

Lakini kijiwe kilikuwa afadhali. Kufika Milanzi, watoto walitoka kila uchochoro wakikimbia nyuma yangu, wakiimba, "Mzungu, pipi! Mzungu, pipi!" Mimi, mweusi kuliko sufuria la shule. Walikuwa wanaisalimu skuta, hawakuwa na habari na aliyekaa juu yake. Yule mjinga alikuwa akiwarushia pipi kila alipopita, kama anayelisha kuku. Sikuwa na pipi, na walipogundua hivyo mmoja alilia kwa sauti mpaka mama yake akatoka kunitazama vibaya. Mbele kidogo, kwenye mashine ya kusaga, mwanamke mmoja alikuja na mfuko wake wa unga, akauweka pale kwenye bapa la kuwekea miguu, akasema, "Utaniachia kanisani," akarudi ndani bila hata kunitazama usoni. Nikaupeleka, kwa sababu sikujua namna ya kuurudisha. Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilipewa siku ya kwanza, tena jembe la mtu mwingine.

Jumamosi ikafika. Nilikuwa nakwenda chuoni kusahihisha mitihani. Kando ya barabara, karibu na duka moja pale Milanzi, alisimama bibi kizee amevaa kitenge cha kanisani na kilemba, kikapu kimefunikwa kitambaa, na mkononi ameshika kigoda. Aliponiona alinyoosha kile kigoda mbele, kama trafiki anavyonyoosha mkono. Nikampita. Kwenye kioo nilimwona bado amekinyoosha.

Jumamosi ya pili yuko palepale, kitenge kilekile. Nikapiga breki, nimekusudia kumweleza mara moja yaishe.

"Shikamoo bibi. Mimi siye yule—"

"Marahaba. Umechelewa."

Akaweka kigoda chini, akakikanyaga, akajigeuza kwa taabu, akakaa upande nyuma yangu, kikapu mapajani. "Nipe hicho kigoda," akasema. Nikainama nikampa. Akanirudishia. "Weka hapo miguuni pako. Mwenzio alikuwa anakiweka hapo."

"Tunakwenda wapi, bibi?"

"Gerezani. Kwani wapi?"

Ningeweza kumshusha. Nilifikiri jinsi ya kumshusha mpaka tukafika. Njiani alinigonga begani kwa kidole kigumu. "Taratibu. Mwenzio alikuwa anakwenda taratibu kwenye mashimo."

"Mimi siye yeye, bibi."

"Nimeona. Ndiyo maana nakwambia."

Gereza liko nje ya mji. Nilisimama pale getini, mgeni mwenye kibali cha kuishi kimekunjwa mfukoni, katika foleni ya watu wenye vikapu, na askari mmoja akaitazama skuta, akanitazama mimi, akasema, "Bibi, mzungu wako ameungua na jua?" Foleni nzima ikacheka. Bibi hakucheka. Alifunua kikapu chake: ugali wa ulezi, maharage, dagaa wa ziwani. Askari akamwambia aonje, maana ndiyo sheria yao, mleta chakula aonje kwanza. Akaonja kila kitu polepole, akimtazama askari machoni, kama mtu anayekula kwake na kuna mgeni asiyealikwa. Kisha akaingia.

Wakati wa kurudi alinieleza bila kuulizwa. "Ni mwanangu wa mwisho. Mahabusu, kesi ya kuua. Walikuwa kilabuni wamelewa, wakagombana, mwenzake akafa. Hakusingiziwa, nisikudanganye. Kila tukienda mahakamani, upelelezi haujakamilika."

"Na ndugu zake?"

"Wanaona aibu. Mimi aibu nimeshaiacha, nina nyonga inanitosha."

Nilipomshusha niliingia kwenye lile duka kununua sukari, kwa hasira. Mwenye duka, mama mmoja mnene asiyenyanyuka kwenye kiti kwa ajili ya mtu, alijua kila kitu. Nyonga ya bibi ilikuwa imekufa, akasema. Bodaboda zote ni ndefu, alijaribu kupanda na kigoda chake akaanguka mbele ya watu. Bajaji ya kwenda na kurudi kila wiki hana uwezo nayo. Mji mzima huu chombo kifupi kiasi chake ni kimoja tu, na sasa kilikuwa changu.

"Sasa mimi linanihusu nini?" nikamuuliza.

"Si umeshika nafasi yake? Kwetu mtu akifa, anayeshika jina lake ndiye mwenyewe. Watoto wanamwita baba. Mizigo yake anabeba yeye."

"Yule hajafa. Amekwenda kwao Ulaya."

"Si mamoja?" akasema, akanipimia sukari.

Halafu akaniambia jambo jingine. Jumamosi yake ya mwisho, tiketi ya basi iko mfukoni, yule kijana alimshusha bibi palepale dukani, akamkumbatia, akamwambia, "Tutaonana Jumamosi." Mwenye duka alimsikia kwa masikio yake. Mtu mzima, aliyesimama kwenye mikutano ya vijiji akiwahutubia wazee juu ya kunawa mikono, alishindwa kumwambia kikongwe neno moja la kweli. Na mimi aliniambia imezoea watu! Niliuziwa mbuzi kwenye gunia, na ndani ya gunia mlikuwa na bibi na mwanawe. Nilimdharau yule kijana mpaka nikaona raha.

Nisijisifu. Sikumpeleka bibi Jumamosi zote zilizofuata kwa huruma. Bibi mwenyewe hakuwa mtu wa kuhurumiwa, alinifokea kwa kuchelewa, kwa mashimo, kwa kuvaa glovu za sufu kama mgonjwa. Nilimpeleka kwa sababu nisingeweza kustahimili kufanana na yule. Ukimdharau mtu sawasawa unajikuta na kazi nyingi ya kufanya.

Siku moja nikiwa kwenye foleni ya gerezani yule kijana alinitumia ujumbe. "Mambo rafiki! Skuta inaendeleaje? Nawakumbuka sana watu wa Sumbawanga, watu wenye furaha." Nikanyanyua macho. Mbele yangu watu wenye furaha walikuwa wanaonja ugali wao mbele ya askari. "Nzima," nikamjibu. Akanitumia moyo mwekundu.

Masika tairi la nyuma likapasuka. Fundi alilizungusha mkononi kama sahani. "Mzee, tairi za kitoto hivi hapa hakuna. Mpaka Mbeya." Nikaagiza, nikaambiwa litakuja na basi, na Jumamosi ikafika kabla ya basi. Nilichukua bodaboda asubuhi hadi dukani kumwambia bibi leo hakuna safari. Mwenye duka akaonyesha barabara kwa kidevu. Bibi alisikia juzi kwamba skuta imelala, na alfajiri ameondoka kwa miguu, na kikapu na kigoda.

Nilikuwa na mitihani ya kusimamia, nikapata nafasi mchana, nikachukua bodaboda kumfuata. Nilimkuta njiani amekaa juu ya kigoda, uso umeelekea mjini, na kikapu kimejaa vilevile. Alikuwa anatembea kidogo, anakaa, anatembea, na alipofika getini saa za kuona mahabusu zilikuwa zimekwisha.

"Mwanangu ameambiwa leo hana mtu," akasema.

Nikasema atajua tu kuna sababu.

"Wewe hujui. Humo ndani asiye na mtu hujulikana haraka. Na yeye atafikiri nimekufa, maana nimemwambia nisipokuja ndiyo nimekufa." Alifunua kikapu. "Kula. Kitaharibika."

Nikachuchumaa kwenye matope, tukala ugali wa mwanawe uliopoa, watu wakipita na kutusalimu. Niliogopa, tena sana, na nilichukia kuogopa kwa ajili ya mtu nisiyemjua sura.

Tairi lilikuja, Jumamosi zikaendelea, upelelezi haukukamilika, na mkataba wangu ukaisha. Chuo hakikunitaka tena, na mimi nilikuwa nimeshawachoka. Wa kwanza kuja kuitazama skuta alikuwa mfanyabiashara wa mpunga na ng'ombe kutoka Mtowisa, bondeni kule kwenye joto, mwenye tumbo linalotangulia kusalimia. Alitaka kumnunulia mkewe mdogo. Hata bei hakubishana. "Naifunga juu ya Fuso leoleo," akasema. Nikayaona yale magurudumu ya toroli kwenye barabara za bondeni, na baada ya wiki mbili kuku wamelala juu yake. Nikamwona na bibi amesimama Milanzi amenyoosha kigoda. Nikamwambia haiuzwi. Akaongeza pesa. Nikakataa tena. "Wakenya mnapenda hela nyie," akasema, akaondoka amenidharau, nami nikamwacha na ujinga wake.

Niliyemtafuta nilimpata palepale Milanzi, mwalimu wa kike wa shule ya msingi, mzaliwa wa Mbeya, mfupi, mkavu wa maneno, aliyekuwa akitembea kwenda kazini na kurudi.

"Ina matatizo gani?" akauliza.

"Breki ya nyuma inapiga kelele, taa ya kushoto imekufa, na Jumamosi asubuhi ina mwenyewe."

Akacheka. Mimi sikucheka, na yeye akaacha. Nikamweleza yote, gereza, kesi, nyonga. Nikamwambia kama hawezi aseme sasa. Akawa anasugua lile ua la alizeti kwa ukucha.

"Naweza kulibandua hili?" akauliza.

"Tafadhali," nikamwambia.

Jumamosi ile niliamka mapema nikiwa na hotuba. Nilikuwa nimeipanga wiki nzima. Nisingesema tutaonana. Ningemweleza bibi ukweli mtupu kama anavyostahili mtu mzima kuelezwa, kwamba naondoka, sirudi, kwamba mwanawe nimemtumia salamu zangu kila wiki ingawa hatujaonana, na kwamba yeye, bibi, ni mtu pekee katika mji ule niliyemheshimu. Nilijiona bora kuliko yule kijana kwa umbali wa hapa na Ulaya.

Bibi alikuwa tayari barabarani. Nikashuka, mwalimu akashika usukani.

"Shikamoo bibi. Huyu ni mwalimu wa hapa Milanzi, skuta sasa ni yake. Mimi narudi kwetu, wala sirudi tena huku. Sikudanganyi kwamba tutaonana—"

"Marahaba," akasema. Alikuwa anamtazama mwalimu, kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu. "Miguu yako inafika chini?"

"Inafika, bibi."

Akaweka kigoda, akakikanyaga, akajigeuza, akakaa. Kigoda nilikiokota mimi, nikampa, naye akampa mwalimu, na mwalimu akakiweka miguuni pake bila kuambiwa. Nusu ya hotuba yangu ilikuwa bado mdomoni.

"Kwenye mashimo taratibu," bibi alimwambia. "Yule aliyekuwepo alikuwa na haraka."

Nilikuwa bado nimesimama pale, karibu kiasi cha kumgusa, na helmeti yangu mkononi.