Majivu ya Ndizi Katika Chipsi za Mahindi

Habari zilinifikia Jumanne asubuhi nikiwa Majengo, nimekaa kwa fundi viatu nikisubiri soli. Mteja mwenzangu, mama anayeuza vitunguu Kiboriloni, alisema kwa sauti ya chini kwamba yule mzee wa chipsi za mahindi amefariki Jumapili. Kifua kilimbana ghafla, na maziko yangekuwa Alhamisi, nyumbani kwake Kilema. Nilikunja uso, hata fundi akadhani nimenuna kwa sababu ya viatu vyangu kuchelewa, akaanza kuniomba radhi. Ukweli ni kwamba nilishtuka kwa mambo mawili. Nilimpenda yule mzee, na nilikuwa nimekalia jibu la swali lake kwa wiki sita nzima.

Wengi wenu mliopita sokoni Kiboriloni mtamkumbuka kwa ndoo yake nyeupe na mifuko midogo ya karatasi. Zamani alikuwa mpishi wa mlimani, mmoja wa wale wanaopandisha majiko na vyakula hadi kambini ili wageni wapanda mlima wakute supu ya moto. Huko ndiko alikokutana na chipsi za mahindi. Wageni walikuja nazo kwenye mifuko inayong'aa, na kufikia kambi ya pili zilikuwa zimekwisha kusagika kuwa vumbi. Akiambiwa atupe, yeye alilamba kwanza, akajiuliza haya ni mahindi gani yanayolia mdomoni namna hii. Magoti yalipomgomea akarudi kwenye kihamba chake cha kahawa na migomba, na jambo la kwanza alilofanya ni kujaribu kuzitengeneza. Akafanya kosa ambalo yeyote kati yetu angelifanya: alisonga ugali mgumu, akauacha upoe, akaukata vipande vyembamba na kuvikaanga. Kwetu sisi unga wa mahindi ukikutana na maji ya moto ni ugali, hakuna wazo lingine linalokuja kichwani. Mkewe alisema kuku walidonoa mara moja, wakaenda zao. Sokoni nako, kila alipotangaza kwamba anatengeneza chipsi, walidhani ni za viazi, wakamuuliza kama anazo za mayai.

Aliyemwokoa ni mama yake, bibi kizee aliyekuwa akishinda jikoni akiota moto. Alimuuliza mwanawe kwa nini anaanza na unga badala ya kuanza na punje. Enzi zake, alisema, mahindi ya makande yalichemshwa kwa maji yaliyochujwa kwenye majivu ya maganda ya ndizi, na ukiyafikicha ganda la punje linabanduka lenyewe. Mzee wetu alisikia nusu tu ya somo. Akakimbilia dukani kununua magadi, akatia konzi nzima, na chipsi zikatoka na ladha ya sabuni ya kufulia. Nina hakika kwa sababu nilikula tatu kwa heshima yake. Bibi naye alipoonjeshwa akatema, akamwambia mwanawe, "Magadi yana haraka, kama wewe. Choma maganda, chuja majivu, chemsha, halafu nenda kalale." Akalala. Asubuhi aliyaosha yale mahindi, akayasaga yakiwa bado na majimaji, na kinyunga kikashikana bila kupasuka. Alikisukuma kwa chupa, akakikata pembetatu, akaanika kidogo na kukaanga. Sijui nielezeje ladha ile. Ilikuwa na harufu ya hindi la kuchoma na kitu kingine cha ndani zaidi, na sauti yake ilinifanya nitafune taratibu ili niisikie vizuri. Alizila na parachichi lililopondwa kwa ndimu na pilipili, nami nikazoea hivyo hivyo.

Sasa niwaambie kuhusu swali. Siku moja kiongozi wa watalii, rafiki yake wa tangu enzi za mlimani, alimpitishia mgeni wa kike kutoka Meksiko aliyetaka kuona kahawa. Yule mgeni alikula chipsi moja, akauliza zimetengenezwaje. Kiongozi alipomtafsiria habari ya majivu, mgeni alimshika mzee mkono akacheka machozi yakimtoka. Bibi yake huko kwao, alisema, alichemsha mahindi kwa chokaa, na waliomtangulia walitumia majivu. Tangu siku hiyo mzee hakutulia. Mama yake alikwisha kuzikwa nyuma ya nyumba, hakuwapo wa kuulizwa, na majirani walikuwa wakimsema kwamba mzee mzima anacheza na vyakula vya watalii. Alinivuta pembeni sokoni, akaongea kama mtu aliyelifikiria jambo kwa muda mrefu.

"Mwandishi, wewe una watu wa kuwauliza," alisema. "Mahindi najua yalikuja na meli. Je, majivu nayo yalikuja na meli, au mama yangu na wenzake waliyajua wenyewe? Nataka nijue kama naiga watu au nafanya cha kwetu."

Niliuliza, na nikapata mtu: mama mmoja aliyesomea mambo ya vyakula, mwenye subira na watu wasiojua kitu. Alinieleza kwamba kule mahindi yalikotoka, punje ilichemshwa kwa chokaa au majivu tangu zama za kale, ikasagwa na kuwa mikate myembamba. Mikate iliyolala ikakauka haikutupwa, ilikatwa na kukaangwa, na huyo ndiye mama wa chipsi za mahindi. Viwanda vilikuja baadaye sana na mifuko yao. Waliosafirisha mahindi kuyaleta pande nyingine za dunia walichukua mbegu, hawakujali kuwauliza wanawake wa kule wanayapikaje. Ndiyo maana katika nchi kadhaa watu waliotegemea mahindi peke yake, wakikosa kirutubisho ambacho chokaa na majivu hukifungua ndani ya punje, waliugua, ngozi zikababuka, huku matumbo yao yameshiba. Lakini huku kwetu, alisema, kwa kadiri anavyofahamu, majivu yalikuwa jikoni kabla ya mahindi, yakilainishia maharage na mboga ngumu. Mahindi yalipofika, bibi zetu waliyatia kwenye chungu walichokuwa nacho tayari. Hawakuiga mtu. Nilivyosikia hayo nilijiuliza ni vitu vingapi tumevipokea bila kuuliza vinatumikaje, na ni mangapi tunayo jikoni kwa mama zetu tusiyoyaita elimu kwa sababu hayakuja na cheti.

Na hapa ndipo penye aibu yangu. Nilikuwa na namba ya simu ya mzee. Kumpigia kungenichukua muda mfupi kuliko kunywa chai. Lakini nililiona jibu lile ni tamu mno, nikalitaka kwa ajili ya safu hii, nikawa nalipamba, nafuta mwanzo na kuuandika upya, wiki baada ya wiki, nikisema nitamfurahisha atakapolikuta gazetini.

Alhamisi nilipanda Kilema. Baada ya maziko nilikwenda kumpa pole mjane wake, nikamwamkia, nikajitambulisha. "Kumbe ni wewe," alisema. "Tangu akuulize lile swali alikuwa ananunua gazeti kila wiki. Anasoma ukurasa wako mpaka mwisho, analikunja, anasema labda wiki ijayo."

Nikamweleza jibu pale pale, nimesimama, bila mapambo yoyote. Aliniomba nirudie ili dada wa marehemu naye asikie, nikarudia. Wakatazamana. Kisha mjane akasema, pasipo hasira hata kidogo, "Mwanangu, mbona hayo ni maneno ya dakika mbili?"

Ninachoweza sasa ni kuwaomba ninyi mnaonisoma: mtu akikuuliza jambo linalomnyima usingizi, nawe ukalipata jibu lake, mpelekee siku hiyo hiyo, hata kama maneno yako bado hayajakaa sawa. Leo nimeliandika jibu lake kwa ufasaha wote nilio nao, na nyote mmelisoma kasoro yeye.