Sherehe ya Figo ya Ziro

Ziro wa Matsangoni alikuwa seremala, mtu wa maneno machache na sahani iliyojaa. Figo zake zilipokufa, dada yake Kahaso alimpa yake moja, na tangu hapo Ziro akawa anaizungumzia figo ile kama mwenye nyumba azungumziavyo mpangaji.

Hospitalini Ziro aliambiwa wazi: dawa za kuuzuia mwili usiikatae figo ngeni huulegeza ulinzi wake. Basi asile kiporo wala chakula kilicholala wazi, na maji ayachemshe. Akatii. Lakini kijiji hakikuridhika mtu apone hivi hivi bila hotuba. Ikaundwa kamati, mwenyekiti mzee Dena, ya kumshukuru Mungu kwa afya ya Ziro.

Pilau ya kuku iliiva asubuhi. Hotuba hazikuiva. Dena alieleza faida za lishe bora, akarudia, jua likipanda na nzi wakiwahi nafasi. Sufuria zilipofunuliwa, mgeni wa heshima akatangulizwa.

"Nimeshiba, mzee," Ziro akanong'ona.

"Umeshibaje na sherehe ni yako? Ama figo hii haili vya maskini?"

Watu wakacheka. Ziro akaona haya, akala.

Kesho yake tumbo lilimwendesha hata kusimama akashindwa. Kamati, ambayo haijawahi kuwahi kikao, ilifika alfajiri. Huyu ana mwarobaini, yule ana maombi, na Dena ana vidonge vilivyobaki alipougua jino.

"Meza viwili. Hivi havichagui ugonjwa."

Kahaso akaingia. "Virudishe mfukoni, mzee wangu. Figo hiyo ilitoka ubavuni mwangu, haikutoka kwenye kamati."

Akampeleka hospitali, Kilifi. Daktari Mumbua akapima choo, akakuta bakteria. Akapima na damu, kwa sababu kuharisha huvuruga kiasi cha dawa za figo mwilini, na kidonge cha kubahatisha kingeweza kuharibu zaidi. Ziro akatundikiwa maji, akapewa dawa iliyomfaa.

"Ulikula nini?" daktari akamuuliza.

"Heshima, daktari."

"Ilikaa juani muda gani?"

Ziro akacheka kwa mara ya kwanza tangu augue, ingawa tumbo lilimkanya.

Alitoka figo ikiwa salama. Siku hizi akialikwa huenda, hupiga makofi, kisha hurudi kula kwake. Wanasema ana maringo. Yeye huwaacha waseme. Wanaozidi, Kahaso huwajibu.