Nilivyotembelea Luxembourg Nikiwa Pinetown

Siku ya tano ya safari yangu ya Luxembourg nilikuwa Pinetown, nje kidogo ya Durban, karibu na stendi ya taxi, daladala za huku, nachagua vitunguu.

Dakika chache kabla ya hapo nilikuwa nimeweka status. Picha ya ngome ya Vianden juu ya kilima, ukungu umeifunika nusu. Chini nikaandika: "Mungu ni mwema, leo nimekanyaga ngazi za wafalme."

Watu sabini na kitu walishaiona. Mimi nabishana na muuzaji kuhusu vitunguu viwili vilivyooza.

Naombeni mnisome mpaka mwisho kabla ya kunitukana. Nikimaliza, ruksa.

Naitwa Doris. Ni Mtanzania, nasuka nywele kwenye saluni moja pale Berea, na huu ni mwaka wangu wa saba Durban. Nasali na Wakongo. Kanisa letu ni dogo, liko juu ya duka, na kila mtu anamjua mwenzake mpaka idadi ya sufuria zake.

Nilikuwa na rafiki, Larissa, tuliyesuka naye kiti kwa kiti. Akaolewa Luxembourg. Akanitumia mwaliko: njoo siku kumi, upumzike, nikutembeze. Nikapeleka maombi ya visa, nikaanza kusubiri.

Hapo kwenye kusubiri ndipo nilipoharibu.

Jumapili moja Pasteur Séverin alihubiri kwamba mwenye imani hangoji apewe ndipo ashukuru.

"Ukiomba kitu, useme tayari nimepata. Nani iko na ushuhuda ya namna hiyo?"

Nikajikuta mbele nimeshika maiki, nasema visa yangu ya Ulaya nimeshapata. Pale ningetakiwa kufafanua kwamba nasema kwa imani, bado sijaishika mkononi. Sikufafanua. Walishaanza kupiga vigelegele, na mimi vigelegele navipenda.

Jumatano, siku mbili kabla ya safari, jibu likaja. Nimenyimwa.

Ningesema tu. Wangenihurumia wiki moja, wakahamia kwa mwingine. Lakini Cédric wa duka la simu alishaniagiza chokoleti, na jioni ile ile kanisa lilikuwa limepanga maombi ya kuniaga. Nikajikausha. Nikaenda kuagwa.

Wakaniwekea mikono kichwani, wakaniombea nifike salama. Nilifumba macho kwa aibu, wao wakadhani ni upako.

Baada ya amina ya mwisho Maman Agathe akanivuta pembeni.

Huyu ni mama wa sitini na kitu, mkimya, wa benchi la nyuma. Simu yake ni kitochi, status za watu hazijui. Binti yake, Irene, alifika Luxembourg kama mkimbizi, akaugua, akazikwa huko huko. Mama hakupata hata picha ya kaburi.

Akatoa kwenye mkoba kitenge cha zamani, wao wanasema kikwembe, cha kijani, chenye ndege wa njano.

"Irene aliniambiaka kuko kanisa moja kubwa, basilika, mu Echternach," akasema. "Alikuwaka anaenda kukaa mule ndani, hakuna mutu alikuwa anamuuliza makaratasi. Hii kikwembe njo nilimubebaka nayo mugongoni. Uiache kule, Doris. Hata chini ya benchi tu."

Barua ya kunyimwa ilikuwa ndani ya mkoba wangu. Kitenge nikakiweka juu yake.

"Sawa, mama," nikasema.

Ijumaa nikaburuta begi mpaka Pinetown, kwa kaka yangu Ladislaus anayefanya kazi kiwandani. Larissa nilimwambia ukweli wa visa, nikamwomba anitumie picha za kunifariji. Maskini, akanitumia mvua ya picha. Madaraja marefu ya mawe, mahandaki ya ngome yaliyochongwa ndani ya mwamba, jumba la mtawala na askari wake mlangoni. Nikazipanga siku kwa siku, status nikimficha yeye asizione. Hiyo basilika niliitafutia video, nisije nikaulizwa nikakwama.

Ladislaus alinicheka mpaka akachoka. "Mtu wa Ulaya," akawa ananiita, "leo zamu yako kuosha vyombo."

Siku ile ya tano vitunguu vikaisha. Shida ni kwamba nilikuwa nimesukwa rasta nyekundu za safari, na Wakongo wote wa Durban wanazijua. Nikafungua begi, nikapapasa kutafuta kitu cha kujifunika kichwani. Mkono ukashika kitenge.

Nilijua ni cha nani. Nikajiambia ni dakika kumi tu.

Jumapili "nikarudi".

Nilifika kanisani na chokoleti za supermarket, nimezibandua bei. Nikapewa maiki. Nikawapeleka darajani, nikawashusha mahandakini, nikawapandisha Vianden. Nikafika Echternach, nikawaeleza madirisha ya vioo vya rangi, na kaburi la mtakatifu kule chini ya kanisa.

Halafu nikasema, "Maman Agathe, kitenge nilikilaza pale karibu na kaburi. Nikapiga magoti, nikalia."

Wanawake wakaanza kulia. Maman Agathe aliinamisha kichwa, akasema amina.

Ndipo Cédric akauliza nauli ya tramu kule ni kiasi gani. Nikasema euro mbili. Akakunja uso, akasema yeye alisoma kwamba Luxembourg tramu ni bure nchi nzima.

Nikahamishia maiki mkono wa pili. Kanisa zima linanitazama.

Maman Agathe akasimama kule nyuma. "Mumuache mutoto apumuzike," akasema. "Amechoka."

Wakaniacha. Nikamshukuru Mungu kwa ajili ya yule mama, mjinga mimi.

Jumatatu alikuja saluni kabla hatujafungua. Nilikuwa peke yangu, nafagia.

"Nimekuja kukamata kikwembe yangu."

"Mama, si nilisema niliki…"

"Doris."

Aliita jina tu. Nikaegemeza ufagio ukutani.

"Kila Jumanne nafanyaka usafi mu nyumba moja kule Pinetown," akasema. "Nilikuwa mu taxi, tunangoja ijae. Kwanza niliona kikwembe. Nikajiuliza, nani amevaa kikwembe ya mutoto wangu? Kisha njo nikaona sura yako."

Jamani, nimewahi kufukuzwa nyumba, nimewahi kulala polisi kwa sababu ya makaratasi. Aibu kama ile sijawahi kuipata. Nilitamani anizabe kofi.

Begi lilikuwa chumba cha nyuma, nilikoliacha jana nikitoka kanisani, sikuwa nimelifungua. Nikamletea. Akakisogeza puani, akakinusa. Kilikuwa kinanukia mafuta yangu ya nywele.

Nikamuuliza kwa nini jana aliniokoa.

"Uongo ya madaraja, haina neno," akasema. "Lakini kusema uliilaza kwa kaburi, ile iliniumiza sana. Basi ningekuvua nguo mbele ya watu? Irene angerudi?"

Nikalia, safari hii kweli.

Alingoja nimalize. Halafu akauliza, "Yale ya madirisha, na kaburi ya mutakatifu. Uliokota wapi?"

"Kwenye simu, mama. Kuna video."

"Iko mu simu?"

"Ndiyo."

"Hata siku ile ya maombi, ilikuwa mu simu?"

"Ilikuwa, mama."

Akakaa kwenye kiti cha wateja, kitenge mapajani. "Onyesha."

Nikachuchumaa pembeni yake. Tukaona mlango, nguzo, madirisha. Tukashuka kaburini. Tukaona na ile sherehe yao ya kila mwaka, watu wanarukaruka kwa muziki mistari na mistari, wameshikana kwa leso nyeupe. Akatabasamu kidogo, akasema hata hiyo Irene alimwambiaga kwenye simu, na yeye akadhani ni homa inasema.

Kisha kamera ikapita juu ya mabenchi. Akagusa kioo kwa kidole, picha ikasimama.

"Alikuwaka anakaa wapi?"

Kichwani nilishaanza kutunga jibu. Benchi la tatu, karibu na dirisha. Nikalimeza.

"Sijui, mama."

Tangu anipe kile kitenge, hiyo ndiyo mara ya kwanza uongo ulinijia nikauacha.

Video ilikuwa ya dakika kumi na moja. Tuliitazama mara tatu, mpaka bando langu likaisha.

Jumapili iliyofuata nilishika maiki, nikasema yote, kasoro nilichokifanyia kitenge na jinsi kilivyorudi, maana hayo ni ya Maman Agathe; hapa nayasema kwa ruhusa yake. Kuna ambao mpaka leo hawanisalimii, na Cédric akiniona anauliza nauli ya Pinetown. Wana haki.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Nilikuwa nautaja huu msemo kwa wenzangu kila siku. Yule mama hakuhitaji mtu aliyefika Ulaya. Jioni ile ningemwambia, "Mama, nimenyimwa visa, lakini kaa hapa nikuonyeshe," angeliona kanisa la mwanawe, na kitenge kisingewahi kufika kichwani kwangu. Dakika kumi na moja zilinishinda, kwa sababu ya vigelegele.

Mwenzangu, ukinyimwa, sema umenyimwa. Huwezi kujua ni nani ananufaika na ukweli wako.

Siku hizi Maman Agathe hupita saluni Jumatatu asubuhi. Hasemi mengi. Anakaa, anasema, "Onyesha," na mimi naonyesha.

Nimemaliza. Ruksa sasa.