Siku Niliyomwonyesha Bibi Pomboo

Nakumbuka asubuhi moja ya mawingu kule Kilwa Masoko, mwanangu, na kila nikiikumbuka huanza kwa kucheka, halafu naona haya. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mkulima wa ufuta kutoka Miteja, mjuaji kupita kiasi. Nilikuwa nimempeleka bibi yangu mzaa baba kwa daktari wa macho. Daktari akampima, akatuambia bila kuzunguka kwamba ni presha ya macho. Nuru iliyokwisha kwenda hairudi, na iliyobaki itakwenda pole pole. Dawa ya matone ingeichelewesha tu.

Nilidhani atalia. Wapi! Alijifunga khanga yake vizuri, akaniambia, "Basi mume wangu, kabla giza halijaingia, nipeleke baharini nikaone pomboo."

Usishangae kuitwa mume. Kwetu bibi na mjukuu ni watani, na huyu aliniita mume tangu sijaota meno. Nisipomletea sukari, alitishia kudai talaka. Na hao pomboo walikuwa na kisa chake. Marehemu babu alikuwa akishuka pwani kuuza mahindi, na akirudi husimulia samaki wakubwa wanaosindikiza vyombo, kama mbwa anavyomfuata mwenyewe shambani. Bibi alimwita mwongo miaka thelathini. Sasa alitaka kujua nani alimwonea mwenzake.

Shangazi yangu wa Masoko akatutafutia boti ya mashine ya nahodha Bakari, mtu mzima wa maneno machache. Akatazama juu, akasema, "Leo kumefunga. Kutoka tutatoka, ila kuwaona siahidi." Tukasema bismillahi, tukaondoka.

Siku ya mawingu bahari na mbingu huwa rangi moja, rangi ya majivu. Saa ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, na kila wimbi mimi naona pezi. Bibi amekaa katikati, ameshika ubao kwa mikono miwili, ameyakaza macho mpaka yanatoka machozi. Roho ikaniuma, mwanangu, nisikufiche.

Hapo akili ya shambani ikanituma vibaya. Sisi tuliokua tukiwinga ngedere tumezoea kupiga kelele kabla ya kuona. Jani likitikisika tu, unapiga debe, "Hao! Hao!", ngedere wawepo wasiwepo, ili mama aliyejilaza kibandani ajue shamba lina mtu, apumzike. Kelele ile hatukuiita uongo. Tuliiona ni huruma.

Basi nikasimama, nikanyoosha kidole kwenye maji matupu. "Hao! Hao, bibi! Wawili!"

"Wapi?"

"Pale kulia! Aah, wamezama."

Akatazama. Akatega sikio. "Ehe," akasema, "nimewaona."

Nikafurahi kweli, nikarudia. Mara ya tatu nikawaongezea na mtoto. Nahodha alinitupia jicho la pembeni. Bibi akajitanda khanga kichwani mpaka usoni, akasema, "Yatosha, mume wangu. Turudi." Na maji hakuyatazama tena.

Bakari akageuza chombo. Hatukufika mbali, wakatokea. Wa kweli! Migongo sita au saba, upande wa kushoto, inapanda na kushuka taratibu kana kwamba wana siku nzima. Nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka. "Bibi! Hao! Wallahi tena, hao!"

Hakugeuka. Alinipapasa goti, kama unavyombembeleza mtoto, akasema, "Nimeshawaona, baba. Ahsante. Kaa chini usije ukaanguka."

Loo! Nilitamani kulia. Macho yake bado yana nuru kidogo, pomboo wanapita, na mimi sina neno hata moja la kumwambia akaliamini. Yote nilikwisha kuyatumia kwenye maji matupu. Njia ya mwongo ni fupi, lakini sikujua kama ni fupi kiasi kile.

Nahodha Bakari akazima mashine. Pakawa kimya, mawimbi tu yanagonga ubavuni. Kisha tukasikia, pfuuu! Na tena, karibu zaidi, pumzi nzito ya kitu chenye uhai. Bibi akainua kichwa. Akaitoa khanga usoni, akageuka, na wa mwisho wao ndio kwanza anapita, karibu umguse kwa kasia. Alimwona kiasi gani sijui. Nilimwona yeye tu, amejishika kifua, anacheka hadi mwili unatikisika.

"Kumbe mzee wa watu alisema kweli! Nimemsingizia bure miaka yote!"

Halafu akanigeukia, bila hasira. "Hawa ndio wenyewe. Wale wako hawakuwa na pumzi."

"Kumbe ulijua?" nikamuuliza.

"Macho ndiyo yanakufa, masikio mazima. Nilisema nimewaona ili usihuzunike. Tukawa waongo wawili ndani ya boti moja, kila mmoja anamhurumia mwenzake, na pomboo nusura watupite." Akanishika mkono. "Kuanzia leo niambie kilichopo. Macho yakiisha, macho yangu ni wewe. Ukinidanganya, nitakuwa kipofu mara mbili."

Aliishi miaka tisa baada ya hapo, mingi yake gizani. Nikawa namwambia kila kitu kilivyo: ufuta mwaka huu hakuna, khanga yako imechanika, mke wangu kaninunia na kosa ni langu. Mara nyingine alikasirika, tukagombana, tukapatana. Lakini nikimwambia wingu la mvua linakuja, alikuwa akitabasamu kabla tone la kwanza halijaanguka.

Sasa nikuambie, mwanangu. Ukikaa na mgonjwa, au mzee, au yeyote anayekutegemea umwonee yale asiyoweza kuyaona, usimpake mafuta kwa mgongo wa chupa. Bahari ikiwa tupu, mwambie ni tupu, kisha usiondoke. Kaa naye hapo hapo, umshike mkono, mngojee pamoja. Hiyo ndiyo huruma. Huruma ya kumtungia vitu ni tamu kwako wewe unayeitoa, na yeye ndiye anayebaki na njaa. Neno lako usilimwage kwenye maji matupu, maana siku ya kheri itakuja, utamwita mtu wako kwa sauti yote, na itakubidi uaminiwe saa ile ile.

Mwenyezi Mungu akupe ulimi ambao mtu wako akiusikia anageuka bila kuuliza. Amina.