Ukurasa Tuliouruka

Nilipomaliza shule ya usiku nikiwa na miaka thelathini na nane, Kiingereza changu kilikuwa kizito hivi kwamba mbuzi wa kijiji chetu kizima cha Kibugu waliacha kula ili wanisikilize. Kwa hivyo mdogo wangu alipopata nafasi ya ubaharia, nani mwingine angemfundisha? Alikuja na kijitabu cha Kiingereza cha melini: sentensi fupi, kavu, zilizochaguliwa ili Mfilipino, Mhindi na Mwembu kama sisi waelewane bila kuuana. Asipozijua, kazi hana.

Tulisoma tukichuma majani chai ya baba. Mimi nahodha, yeye baharia. Ukurasa wa kwanza ulisema ukipewa amri uirudie neno kwa neno, ndipo uitekeleze. Nikaamrisha alegeze kamba. Akasema, "Legeza kamba."

Baba akasimamisha mikono. Kwetu mkubwa akikutuma humrudishii maneno yake. Huko ni kumwiga, na kumwiga ni kumdharau.

"Wewe, kaka yako anakutuma, unamchezea?"

Mdogo wangu akaniangalia nimtetee. Nilijua kijitabu kinasema nini, lakini kubishana na mzee mbele ya wachumaji wengine? Nikacheka.

"Jibu tu 'Yes sir'. Inatosha."

Ukurasa huo tukauruka. Zilizobaki alizimeza zote, na mtihani wa kuandika akaupita vizuri.

Mwezi wake wa tano baharini akapiga simu. Walikuwa wakifunga meli gatini, yeye akiendesha winchi, ile mashine ya kuvuta kamba. Ofisa akatoa amri kwa redio, upepo na mngurumo vikaifunika yote.

"Sikusikia kitu, kaka," akaniambia. "Lakini yule ni mkubwa. Nikajibu 'Yes sir'."

Amri ilikuwa asimamishe winchi. Ofisa, akiwa ameshajibiwa, akageukia mambo mengine. Winchi ikaendelea kuvuta hadi kamba ikakatika, ikamchapa mwenzake aliyelala naye chumba kimoja. Hospitalini wakamkata mguu.

Mdogo wangu akarudishwa nyumbani. Wachunguzi walikuwa wamemuuliza nani alimfundisha kujibu vile. Alisema hakufundishwa na mtu, alijisahau tu. Aliniambia hivyo akifunga gunia la majani, bila kuniangalia.

Baba huwaambia majirani kwamba ilikuwa bahati mbaya. Mimi husimama papo hapo, nikiwa na cheti changu cha shule ya usiku, na sijawahi kumsahihisha.